Oto wangu wanakufa mmoja mmoja, na mwani bado uko kwenye kioo

Kijana wa Tudor

Assalaam aleikum wanajamvi. Nina tangi la lita 80 sebuleni, bado jipya, ndani mna gapi, wale samaki wadogo wa mikia ya rangi, na mimea kidogo. Kioo kikashika utando wa rangi ya kahawia, ukipitisha kidole unatoka wote, na majani nayo yakapakwa vilevile. Muuzaji akanambia dawa yake ni oto, wale kambare wadogo wenye mstari mweusi ubavuni: "Watie sita, kazi wataifanya wenyewe." Ni kweli walikwangua, upande mmoja kioo kikatakata kabisa. Lakini sasa nawaokota asubuhi wamekufa, matumbo yameingia ndani. Gapi hawana neno.

Maji ni ya kisima cha jengo, nachanganya na ya mfereji yakipatikana. Chini nimepanga vipande vya matumbawe na kauri nilizookota pwani. Pampu ya hewa ipo. Yule yule muuzaji sasa asema niache oto nichukue pleko, kambare mwingine wa kufyonza kioo. Nimchukue? Na hawa waliobaki niwape nini? Mama ashaanza kuniuliza kama tangi hili ni la kufugia au la kuzikia.

Mtu wa Bandari

Kaka, chukua pleko na usisumbuke. Wangu hula chochote, hata wali. Tatizo lake ni kukua tu, sasa tangi limemshinda, nafikiria nikamwachie mtoni.

Fundi Baridi

Waaleikumu salaam. Nianze na wewe wa Bandari: mtoni usimpeleke, tafadhali. Pleko ni wa Amerika Kusini, na huko kwingine alikotupwa na wafugaji, Florida, Meksiko, Ufilipino, amezaana na kutoboa kingo za mito kwa mashimo ya kutagia mayai. Tafuta mwenye kidimbwi umpe.

Kijana, mie kazi yangu ni friji na AC, samaki ni mapenzi tu. Lakini nusu ya swali lako ni joto, na joto ndilo lanilisha, kwa hivyo nivumilie nikirefusha.

Huo utando wa kahawia ni dayatomu, mwani mdogo mno usioonekana mmoja mmoja kwa macho. Karibu kila tangi jipya hupitia hapo, na likishatulia utando hupungua wenyewe. Oto hawapendi kitu kushinda huo, na hapo ndipo walipoponzwa. Waliingia wakakuta karamu, wakaimaliza, na chakula cha gapi kinachoelea juu hawakihesabu kuwa chakula. Samaki wa sentimita nne, kutwa kucha yuakwangua. Akikosa cha kukwangua hana akiba. Tena wengi wao hawakuzalishwa na mfugaji. Huvuliwa mitoni huko Amerika Kusini, wakatiwa kwenye mifuko, wakapita mikono mingi mpaka kufika Mombasa, na njiani hakuna anayewalisha. Wewe wanunua samaki ambaye njaa alianza nayo zamani.

Akishika kioo, chuchumaa umtazame tumbo. Liwe jeupe na limejaa kidogo nyuma ya mdomo. Ukiona limebonyea, pana kivuli baina ya mapezi mawili ya mbele, huyo yuko taabani hata kama mdomo bado wachezacheza. Dukani vilevile: usitoe pesa kabla samaki hajapanda kioo ukamwona tumbo.

Sasa joto. Oto ni samaki wa digrii 22 hadi 26. Saa nane mchana, msimu wa kaskazi, sebule ya Tudor isiyo na AC, maji yako hayako hapo. Naweza kuapa yamefika 30. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na samaki naye mwili ukipata joto huitaka oksijeni zaidi. Gapi hustahimili, oto atapanda juu kumeza hewa, kisha asubuhi umkute chini. Ni asubuhi kwa sababu usiku mimea nayo huvuta oksijeni badala ya kuitoa. Mashine za kupoza maji ya tangi zipo, lakini mie mwenyewe ninayeishi kwa kupoza vitu sikushauri, kwa lita 80 ni kujifilisi. Ondoa kifuniko, weka feni ndogo ipulize uso wa maji kwa mshazari. Maji yakigeuka mvuke huondoka na joto, digrii mbili hivi utazipata, ila siku za unyevu mwingi faida hupungua, na hapa Mombasa siku hizo ndizo nyingi. Kinachopungua ujazilie kwa maji ya mvua. Usijazilie ya kisima, maana kinachopaa ni maji matupu, chumvi na chokaa vyote hubaki tangini.

Na chokaa ndiyo shida yako ya tatu. Kisiwa chetu kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, maji ya visima yana chokaa na mengi yameingiwa na chumvi ya bahari. Chungulia ndani ya birika la chai la mamako: ule ukoko mweupe ndio unaowanywesha oto, samaki wa maji laini. Kisha juu yake umewatilia matumbawe na kauri, ambazo nazo zayeyuka polepole na kuongeza chokaa ile ile. Zitoe zote. Tia kipande cha mti mkavu uliochemshwa vizuri, na mawe ya mtoni ukiyapata.

Pleko usichukue. Dukani ana urefu wa kidole, akikua hupita sentimita 30, na kadiri anavyokua mwani haumshughulishi tena, kazi yake ni kinyesi. Ukitaka mfyonza kioo anayevumilia maji haya kuliko oto, ulizia Ancistrus, jamaa mdogo wa pleko. Ni wa sentimita 12 hivi, dume ana vindevu puani. Mmoja akutosha, na huo mti ataukwangua pia. Wale wa rangi ya dhahabu wanaouzwa kwa jina la "wala mwani wa Kichina" waepuke. Si kambare hata kidogo, na wakikua huwaganda wenzao ubavuni na kuwachuna.

Bi Mumunye wa Bamburi

Fundi amesema yote ila chakula hakukimaliza. Mwanangu, wapikie mumunye. Kata kipande cha unene wa kidole, kitie kwenye maji yanayochemka mpaka kilegee, kipoe, ukichome kwa uma wa chuma kizame. Weka ukishazima taa, kitoe alfajiri, kwani kwa joto hili huchacha kikavuruga maji. Mwanzo watakipita kana kwamba hakipo. Usikate tamaa, endelea kuweka. Tango na mchicha pia wala, lakini wangu mumunye hawaliachi.

La pili, mwani wenyewe ulime. Chukua mawe laini, yatie kwenye beseni la maji uliyoyatoa tangini, peleka juani kwenye paa. Yakishika kijani teremsha mawili, yaliyokwanguliwa yarudi juu. Beseni lifunike kwa wavu, tusizalishiane mbu; na ukikuta viluwiluwi vyao wape gapi, watakushukuru.

Kijana wa Tudor

Shikamoo Bi, shikamoo Fundi. Kipimajoto nimeazima, mchana kimesoma 31. Birika ni kama ulivyosema, mama amecheka. Matumbawe na kauri nimetoa. Oto wamebaki watatu, mmoja tumbo limebonyea, wawili wana nafuu. Dirisha liko mashariki, jua la asubuhi hupiga tangi moja kwa moja. Maji nayabadilisha yote nikianza ya mvua? Na stima ikipotea usiku nifanyeje?

Bi Mumunye wa Bamburi

Marahaba mwanangu. Huyo aliyebonyea mtenge kwenye kikapu cha wavu humo humo tangini, umwekee mumunye wake peke yake. Gapi wakipata nafasi humnyang'anya.

Fundi Baridi

Marahaba. Yote usibadilishe! Ukiyageuza kwa mara moja utamaliza hao watatu kwa mshtuko. Toa ndoo moja kila wiki, rudisha nusu ya mvua na nusu ya mfereji, polepole mpaka ya kisima yaishe. Mvua ya kwanza iache ioshe paa, kinga inayofuata. Ya mfereji yana klorini, yaweke kwenye ndoo wazi siku nzima na jiwe la hewa ndani, lile la pampu litoalo mapovu, au utie dawa ya kuiondoa.

Dirisha lipige pazia, au usogeze tangi ukutani ukishapunguza maji. Jua hilo lapasha maji na pia laleta mwani wa kijani ule mgumu wa madoadoa, ambao oto hauwezi. Huo utaukwangua mwenyewe kwa kadi ya simu iliyokwisha.

Stima: nunua pampu ya hewa ya betri, wavuvi wa chambo hai huzitumia. Usiku ukikukuta huna, chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu, tena na tena, na usiwalishe mpaka stima irudi. Oto wapya usiongeze mpaka kusi liingie.

Mtu wa Bandari

Nimeelewa, mtoni siendi. Pleko wangu ana sentimita 28, mwenye kidimbwi Mombasa au Kilifi aseme nimletee, bure.