Tupeane uzoefu: kwenda kuuona mji walikotoka wazee (familia za Kiyahudi)

Mkwe wa Mbali

Salaam wakuu. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa Marekani kwenye familia ya Kiyahudi. Najua humu wapo wenye wakwe kama wangu, wanaotunza wazee wao, hata madereva wao, na wamewahi kuwasindikiza kuutafuta mji wa babu. Shusheni. Naanza.

Mama mkwe alikuwa na miaka 74 aliposema anataka kuiona Tiktin. Kwenye ramani Tiktin haipo. Hilo ni jina la Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Wapolandi wanauita Tykocin, mji mdogo kando ya mto Narew, magharibi ya Białystok. Babu yake aliondoka 1906, na enzi hizo pakiwa chini ya mfalme wa Urusi, kwenye karatasi za meli aliandikwa Mrusi. Tulipoteza miezi tukihangaika na Urusi.

Wayahudi walianza kuishi pale 1522. Sinagogi lao la 1642 bado limesimama, sala za Kiebrania zimeandikwa ukutani, lakini sasa ni makumbusho. Mama mkwe alipanga foleni akakata tiketi ili aingie alimosali babu yake. Mimi niliona kawaida, yeye alitetemeka mkono akihesabu chenji. Makaburini ni majani matupu, mawe machache yamechomoza. Wayahudi waliobaki mjini, Wajerumani waliwapeleka msitu wa Łopuchowo tarehe 25 na 26 Agosti 1941 wakawapiga risasi. Kule msituni hakuna aliyesema neno.

Halafu nyumba. Anwani hatukuwa nayo, tulikuwa na maneno ya marehemu shangazi tu: karibu na sinagogi, upande wa mtoni. Kwenye nyumba moja ya mbao mzee akatoka, akasimama getini bila kulifungua. Mkalimani akatuambia, "Anauliza kama mmekuja na karatasi." Alidhani tunadai nyumba! Mama mkwe akajibu anataka kuona mlango tu. Ilichukua kama dakika 20, na nadhani mimi na misuko yangu ndiyo tuliyomlainisha, maana mkewe alitoka kunishangaa mimi. Kwenye mwimo wa kulia kulikuwa na mfuo mdogo umelala mshazari, urefu wa kidole. Ndipo ilipokaa mezuza, kile kijisanduku chenye maneno ya Torati ambacho Wayahudi hubandika kwenye mwimo wa mlango. Mzee alisema siku zote alijua ni kasoro ya seremala.

Mwana wa Mchungaji

Miimo ya milango! Kumbukumbu la Torati sura ya 6. Nimeikariri tangu Sunday school na sikuwahi kuwaza kwamba inaacha alama kwenye mbao. Ilikuwa nyumba yao kweli?

Mkwe wa Mbali

Hatujui mkuu. Ilikuwa ya Wayahudi, basi. Mitaa ile karibu yote ilikuwa yao.

Dereva wa Mannheim

Mimi Mkenya, naendesha teksi Ujerumani. Nilimpeleka Worms mama mmoja ambaye babu yake alikimbia akashukia Mombasa 1939, akalima Limuru. Anaongea Kiswahili kunishinda mimi. Makaburi ya Wayahudi ya Worms yana mawe ya tangu karne ya 11, yamepinda kama meno ya mzee. Nikanunua maua nikijiona nina adabu. Akacheka: "Kwetu tunaweka jiwe, bwana." Akatoa kokoto mfukoni, ya Limuru.

Mjini kuna vile vijiwe vya shaba vya msanii Mjerumani Gunter Demnig vya kuwakumbuka walioteswa na kuuawa na Wanazi, sentimita 10 kwa 10, vinawekwa chini mbele ya nyumba ya mwisho mtu aliyochagua mwenyewe kuishi. Tulipiga magoti kukisugua cha shangazi yake. Mwenye duka akatoka, nikajua tunafukuzwa. Kumbe kaleta kitambaa na dawa ya kung'arishia.

Karani Mstaafu

Ushauri mmoja. Familia nyingi husema jina lao lilibadilishwa na karani wa Ellis Island, kile kituo cha kupokelea wahamiaji New York. Si kweli, makarani wale walisoma orodha iliyoandaliwa na kampuni ya meli. Majina watu walijibadilishia wenyewe baadaye. Tafuteni jina la zamani, kwa tahajia zote.

Mtoto wa Malindi, Unguja

Nipo Muscat. Sisi si Wayahudi, lakini hilo swali la karatasi limenichoma. Tulipokwenda Unguja kuitazama nyumba ya babu aliyeondoka 1964, tuliulizwa hivyo hivyo, na kwa Kiswahili, bila mkalimani. Mama alisema anataka kukiona kisima tu. Wakatuonesha, huku kijana wao anatupiga picha nyuso. Hatukunywa hata maji. Siwalaumu, na wao walipewa na mtu.

Dada, mliwasiliana tena na yule mzee?

Mkwe wa Mbali

Tunawasiliana. Mwaka jana alituma picha, kapaka mlango rangi upya, kijani. Mama mkwe akaikuza picha mpaka kwenye mwimo. Rangi imeingia hadi ndani ya mfuo, huuoni tena. Akaitazama kitambo, kisha akaniambia nimjibu kwamba kijani kimependeza.