Tiketi moja Tanga mpaka Kigoma, nauli tatu, na mama kakosa ndoa ya mwanawe

Wakuu, salaam. Moderata, naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa nauli za mabasi, maana mimi sina ugomvi na nauli. Nauli nimelipa. Nimelipa mara tatu.

Niko Ujiji, Kigoma, sasa hivi, kwa wakwe wa mdogo wangu, nimekaa barazani na simu imechomekwa kwenye ekstensheni ya watu. Ndani wanawake wanasugua masufuria ya biriani ambalo sikulikuta la moto. Naandika kwa hasira, kwa hiyo aliyekuja kunisahihisha herufi apite tu.

Mdogo wangu kaoa Ijumaa hii baada ya swala. Tarehe naijua tangu mwezi uliopita, na wanaonijua Makorora watawaambia kuwa mimi siyo mtu wa kukurupuka. Nina daftari la shule nimeandika kila njia ya kutoka Tanga kwenda Kigoma. Kwenye ramani, Kigoma iko usawa mmoja na sisi kabisa, miji yote miwili iko kwenye latitudo ya tano kusini. Ungekuwa kunguru ungeelekeza mdomo magharibi tu, ukafika. Nenda sasa Kange stendi uwaambie unakwenda magharibi. Utaambiwa ushuke kusini kwanza.

Njia ya Dar: kama kilomita 350 mpaka stendi ya Mbezi Louis, unalala, kesho yake gari la Kigoma. Tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku mwaka 2023 unaweza hata usilale, ukaunga jioni ileile. Mama ana miaka 71 na goti linamsumbua. Nikaipiga mstari.

Treni ya umeme, ule mchongoko, nani haitaki? Dar mpaka Dodoma chini ya saa nne, ilipoanza mwaka 2024 daraja la kawaida lilikuwa 31,000, na tiketi unakata kwa simu umekaa sebuleni. Lakini mtu wa Tanga aende Dar kwanza, atoke Mbezi na foleni yote ile mpaka stesheni mjini, halafu Dodoma ashuke atafute basi tena, kwa sababu reli hiyo mbele ya Dodoma bado inajengwa, na kile kipande cha Tabora mpaka Kigoma peke yake ni kilomita 506. Treni ya reli ya zamani, ile ya Mjerumani iliyofika Kigoma mwaka 1914, inakwenda mpaka ziwani lakini haiondoki kila siku, na siku zake hazikukutana na likizo yangu. Ipo pia njia ya juu, Moshi, Arusha, Singida, Nzega. Sikuijaribu.

Nina donge langu la pembeni hapa, niliteme kabisa. Reli ya kwanza ya nchi hii ilianza kujengwa Tanga, mwaka 1893. Pale pale bandarini kwetu. Leo treni ya abiria ya Dar na Arusha inakatiza Korogwe, na mtu wa Tanga mjini akiitaka apande basi kuifuata. Halafu kuna bomba la mafuta ghafi, linatoka Hoima kule Uganda linakuja Chongoleani, kwetu Tanga, kilomita 1,443. Safari yangu mimi ni kama kilomita 1,400, kwa kuzunguka kote huko. Mafuta hayashuki Chalinze. Hayalali gesti. Hayaulizwi mzigo wako una kilo ngapi.

Turudi Kange. Wiki mbili kabla ya safari, wakala mmoja (jina la kampuni sitaji, nitafutiwa uzi) akanisikia nauliza dirisha hili na lile. "Kaka, unajisumbua bure. Tiketi moja tu. Tanga mpaka Dodoma gari letu, mnafika jioni, mnapumzika, kesho yake mnafaulishwa kwenye gari la wenzetu moja kwa moja. Alhamisi usiku mama anakula samaki wa Kigoma, migebuka."

Neno hilo la kufaulishwa lilitakiwa linishtue. Shuleni mtoto akifaulu kuku anachinjwa. Stendi ukifaulishwa wewe ndiye kuku. Konda wa huku anampa konda wa kule chochote walichopatana, na wewe unapewa siti iliyobaki, kama imebaki.

Nikalipa 190,000 kwa watu wawili. Nikapewa tiketi ya mashine ya Tanga–Dodoma. Ya Dodoma–Kigoma, akasema, nitatumiwa kwa meseji. Hela nimetuma kwenye namba ya mtu, siyo ya kampuni. Ndiyo, najua. Msinipigie kelele kwenye koment, mke wangu keshazipiga zote.

Jumatano saa 12 asubuhi tukaondoka. Mama ana kapu la visheti, doti sita za kanga kwa ajili ya bibi harusi, na gunia la machungwa ya Muheza, kwa sababu alishaambiwa na mtu kwamba machungwa ya bara hayana maji. Sina neno na gari la kwanza. Dereva mtulivu, tulisimama kuchimba dawa mara mbili, na saa 1 usiku tulikuwa Dodoma, stendi ya Nane Nane. Meseji ikaingia tukiwa tunashusha mizigo: "Gari inatoka kesho saa 5 asubuhi. Fikeni nusu saa kabla. Safari njema."

Tukachukua gesti karibu na stendi. Alfajiri mama kaamka kuswali, kamaliza, kakaa kitandani na kanga yake mabegani, kaniambia twende tukakae stendi, ugenini mtu hukaa karibu na gari. Nikamwambia mama lala, miguu imekuvimba, gari saa 5. Mimi ndiye niliyemwambia alale.

Saa 4 na nusu tuko stendi. Nauliza gari la Kigoma. Jamaa mmoja wa mizigo kanitazama kwa huruma kabisa. "Mzee, lile liliondoka saa 11 alfajiri. Saa hizi liko mbele ya Itigi huko."

Wakuu, mmeshaelewa. Kwenye kompyuta iliandikwa 05:00. Yule kijana wa Tanga kasoma sifuri tano, kaandika saa 5. Hilo "asubuhi" kaongeza mwenyewe. Nikampigia, na mazungumzo yalikuwa hivi, sijaongeza kitu:

"Kaka, mbona nilikuandikia tano?"
"Tano ipi?"
"Ya asubuhi."
"05:00 ni saa 11 alfajiri!"
"Ndiyo hiyo hiyo kaka. Tano ya asubuhi, kwa kizungu."

Kwa kizungu! Mtu kanitumia Kiswahili, safari njema na nini, halafu saa peke yake ndiyo ilikuwa ya kizungu. Mashine zinahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia kunapokucha, na hilo halijawahi kumshinda mtu. Bibi yangu hakusoma darasa hata moja na alikuwa akitazama saa ya ukutani mshale uko kwenye 11 anasema saa 5, bila kufikiri. Kinachotuumiza ni kutojua aliyekuandikia kama keshageuza au hajageuza. Ukigeuza wewe na yeye kageuza, umekosa gari. Asipogeuza yeye na wewe ukamwamini, umekosa gari. Na hizi safari za usiku zimeleta balaa lingine. Jirani yangu alikata tiketi ya gari la saa 7 usiku, karatasi ikasema tarehe 15, 01:00. Kwa Mswahili yeyote mwenye akili timamu huo ni usiku wa tarehe 14, wa kuamkia 15. Yeye kasoma 15, kaenda stendi usiku wa tarehe 15. Siti yake ilikuwa imeshakwenda na inarudi. Siku ile nilimcheka sana. Mungu kanilipa.

Basi nikaanza kudai. Wakala wa gari la pili, pale Nane Nane, kafungua daftari lake: majina yetu yapo, siti 17 na 18, na siti zenyewe kaziuza saa 11 kasoro dakika tano kwa watu waliokuwa wamesimama hapo. Hela? "Mimi sijapokea senti kutoka Tanga, nilipewa majina tu kwa simu. Mdai aliyekukatia." Nampigia wa Tanga: "Kaka, mimi nilikufikisha Dodoma salama. Mdai aliyekuacha." Wa Tanga ana nusu ya safari yangu. Wa Dodoma ana nusu ya safari yangu. Mwenye safari nzima hayupo, hakuwahi kuwepo, ila hela ya safari nzima ilipokewa na mtu mmoja siku moja kwa meseji moja. LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, wanataka tiketi itoke kwenye mfumo, na ya kwanza ilitoka. Ya pili ilitoka mfukoni mwa mtu, na ndiyo maana hakuna wa kuishika.

Nikalipa nauli ya pili, mpaka Tabora, gari la saa 7 mchana (saa 7 yetu, niliuliza mara tatu, kijana kaniona mwehu). Siti ya nyuma kabisa, ile ya kubanana watu watano. Mama na goti lake katikati. Gunia la machungwa likalipiwa tena. Tabora tumeingia saa 3 usiku, gesti nyingine, na Ijumaa saa 12 asubuhi nauli ya tatu, na gunia nalo nauli yake ya tatu.

Kufika mbele ya Kaliua saa zilikuwa zinakwenda. Saa 7 na nusu mdogo wangu kapiga: "Kaka, mko wapi? Tunaanza." Nikaweka spika, nikamshikia mama simu sikioni, na abiria wa jirani wakanyamaza wenyewe, hata konda kazima redio. Tukamsikia shehe anasoma hotuba ya ndoa. Tukamsikia anamwita mdogo wangu kwa jina la baba yetu marehemu. Mtandao ukakatika hapo. Mama kaendelea kushika simu sikioni mpaka nikamwambia imekatika.

Halafu pancha, Uvinza. Sitaki kuielezea. Tumefika saa 10 jioni.

Watu wa Ujiji wametupokea kama wafalme, hilo sina la kusema. Bibi harusi katoka kuja kumshika mama miguu, mama kalia, wote wakalia. Visheti vimefika vizima. Machungwa, nusu.

Sisi watu wa Tanga tuna ule msemo wetu, waja leo waondoka leo. Sasa nauliza: nani kawahi kukata tiketi ya kuunga ya namna hii, akaachwa njiani, akarudishiwa hela yake? Umemshika nani, wa mwanzo au wa pili? Ulienda na ushahidi gani? Meseji ninayo, muamala ninao, tiketi ya kipande cha kwanza ninayo. Na nyinyi mnaokata tiketi, mnashindwa nini kuandika "saa 11 alfajiri" kwa maneno? Wino ni wa kampuni.

Asiyejua jibu aniache, nina usingizi wa siku tatu.

NYONGEZA, saa 3 usiku:

Nimesoma koment zote. Anayesema ningepanda ndege anitumie hela, narudi Jumatano. Anayesema kutuma hela kwenye namba ya mtu ni uzembe wangu, nimekubali, hapo umenishinda. Anayesema mama alikuwa sahihi alfajiri ile, ndugu yangu, unadhani sijui?

Mama mwenyewe hana habari na uzi huu. Amekula ugali na dagaa wa mawese, kagoma kabisa kupanda basi, na tangu magharibi anauliza watu treni inaondoka Kigoma siku gani.

Yule wakala wa Tanga kanipigia sasa hivi, nadhani kuna mtu humu kamwonyesha. Sauti imelainika, "kaka yangu" kila sentensi. Anasema wamekaa, wameona wanirudishie 40,000, na kesho saa 4 nitaona muamala.

Nimemuuliza saa 4 ipi. Kakata simu.