Nimechoka kubeba kipigo cha Graardor halafu mali aondoke nayo mtu mmoja

Assalam aleikum wakuu. Uzi huu nauandika na hasira na sitaificha. Tangu Jumamosi usiku nina kitu kimenikaba hapa kifuani, na kila nikifungua simu namuona kiongozi wa kundi letu amevaa dirii yetu, anapita nayo sokoni.

Tuko watu watano, watatu wa hapa Lamu na wawili wa Malindi. Tunacheza Old School RuneScape, mchezo wa mtandaoni, na tulianza siku nyingi, tangu mchezo ulipoletwa kwenye simu mwaka 2018. Tuliupenda kwa sababu haumalizi bando na hata simu ya bei ya chini inauweza. Miezi mitatu hii kazi yetu imekuwa moja tu: kumuua bosi anayeitwa General Graardor.

Waliowahi kwenda wanajua. Unafika kwenye mlango wa Bandos, mmoja wa miungu ya mchezo huu, na nyundo mkononi, nguvu zako ziwe zimefika levo 70. Ukishapita unaua viumbe 40, ndipo unaruhusiwa kuingia kwa bosi. Ndani unamkuta yeye, levo 624, na walinzi watatu: mmoja anapiga kwa mkono, mmoja kwa uchawi, mmoja anarusha kutoka mbali. Pigo lake moja la mkono linaweza kukutoa 60. Mwenye uhai 99 anajua 60 ni nini.

Uhai wake ni 255, uende peke yako au mwende watano. Ndiyo sababu watu wanaenda kikundi, mnammaliza haraka. Lakini lazima awepo mmoja wa kutangulia kuingia ili bosi amshike yeye, wengine wapige kwa nafasi. Huyo mmoja ni mimi. Miezi mitatu yote, mimi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana dhuluma yenyewe iko hapa. Mchezo hauna mgao. Kitu kikidondoka kinakuwa cha yule aliyempiga bosi zaidi, basi. Na anayebeba kipigo hawezi kuwa ndiye aliyepiga zaidi! Kila nikila papa mmoja ili nisife, pigo langu linalofuata linachelewa tiki 3. Tiki moja ni sekunde 0.6. Hesabuni wenyewe: karibu sekunde mbili nimesimama na silaha mkononi bila kupiga, na sekunde hizo hizo wenzangu wanne wanapiga bila kuguswa na ngumi zake, kwa kuwa anayeumizwa zaidi ni mimi. Mkoba una nafasi 28. Mimi natoka mkoba mtupu, wao wanatoka na chakula cha safari nyingine. Halafu mtu ananiambia "ungepiga zaidi ungepata wewe". Nipige zaidi na nani abebe?

Kwa kulijua hilo, siku ya kwanza kabisa tulikubaliana kwenye grupu letu la WhatsApp: kila kitu cha thamani kinauzwa Grand Exchange, soko la humo mchezoni, sarafu zinagawanywa mafungu matano sawasawa. Hakuna aliyekataa. Kiongozi wetu ndiye aliyelisema mwenyewe kwa sauti, na sauti hiyo bado ninayo.

Viatu vya Bandos vilipodondoka tuligawana. Vizuri sana. Viatu bei yake ndogo, kila mtu alikuwa muungwana siku ile.

Jumamosi saa nne usiku ikadondoka dirii ya kifua. Dirii hiyo uwezekano wake ni mara 1 katika 381. Nilipiga kelele darini mpaka jirani akauliza kuna nini. (Nachezea darini kwa sababu nyumba zetu za mawe kuta zake ni nene, mtandao chini haufiki.) Ilidondoka kwa jina la kiongozi. Akaandika "alhamdulillahi", na sisi sote tukaandika. Kufumba na kufumbua ametoka mchezoni. Jumapili kutwa hajibu. Jumatatu tunamuona ameivaa. Nilipomuuliza, jibu lake lilikuwa: "Mchezo umenipa mimi, imeandikwa jina langu."

Imeandikwa jina lako! Na ile miezi mitatu imeandikwa jina la nani?

Tena kilichoniuma kuliko dirii ni maneno ya wenzangu. Mmoja wa Malindi amenyamaza kimya mpaka leo. Mwingine akaniambia mwachie tu, tusije tukavunja kundi. Ndugu yangu, kama unasoma hapa, kundi alilivunja aliyetoka na mali usiku ule. Mimi ninayedai ndiye unayeniona mbaya?

Na hili la kuitwa mwoga nalo nilitoe leo. Mwezi uliopita laini yangu ilikata katikati ya pambano. Mtandao ukikata, mhusika wako hatoweki, anabaki amesimama palepale akipigwa. Nikafa. Nilipofanikiwa kurudi kaburi langu lenye vitu vyangu lilikuwa linahesabu dakika zake 15, na viumbe 40 vinanisubiri upya. Hakuna hata mmoja aliyetoka kunisubiri. Kwenye grupu nikakuta wameandika nimekimbia. Nimekimbia wapi? Seva tunayochezea iko Ujerumani na mimi niko juu ya dari mtaa wa Langoni, nimenyoosha mkono nikitafuta vijiti viwili vya mtandao. Wenzangu wa Malindi laini zao ni nzuri kidogo, na wao ndio wa kwanza kucheka.

Najua kuna watakaokuja hapa chini na lile jibu lao la siku zote: kama hutaki kundi, nenda peke yako. Jibu hilo nalikataa. Siogopi kucheza peke yangu. Mapango ya TzHaar nimeyamaliza mwenyewe, mawimbi 62 ya maadui halafu bosi Jad wa 63, na joho la moto, zawadi yake, ninalo mgongoni. Zulrah na Vorkath ni mabosi wa kupigana nao peke yako, hakuna wa kukusaidia wala wa kukuibia, na wote nimewaua. Kule ukifa umekosea mwenyewe, ukipata umepata mwenyewe, na usiku unalala.

Graardor ni mambo mengine. Anayempiga peke yake huwa anakimbia kumzunguka chumbani, na kila hatua inatakiwa ifike kwa wakati wake. Kwa mtandao wangu mguso unafika wakati ngumi imeshanifikia. Nimejaribu usiku kumi na kitu, nimepoteza dawa na chakula cha mamilioni ya sarafu. Kwa hiyo mnaposema "nenda peke yako" mnamwambia mtu wa Lamu, Faza au Kiunga kwamba bosi huyu si wake. Kundi ndilo linalotufikisha sisi. Ndiyo maana anayelichafua kundi ananikasirisha hivi.

Na ninyi mnaowaita wachezaji wa peke yao wabinafsi, acheni. Wengi wao wametokea kwenye makundi kama haya yetu. Mtu mmoja hapa mtaani alifungua akaunti ya Ironman, ile isiyoruhusiwa kununua kwa wachezaji wengine wala kupewa kitu na mwenzio, na tulimsema sana, mimi nikiwemo. Leo namuomba radhi. Alikuwa ameshachoka kuibiwa kabla yangu.

Mimi nimekulia kwenye uvuvi. Ami yangu anatoka na mashua mpaka leo. Kabla tanga halijapanda, kila baharia anajua fungu lake: chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, mabaharia wanagawana linalobaki. Samaki akinasa, haulizwi amenasa upande wa nani. Aliyekuwa anakumba maji chombo kisizame hakuvuta wavu hata mara moja, na anapewa. Sijawahi kumsikia nahodha akisema changu hicho kwa sababu nimemshika kwa mkono wangu. Angelisema hivyo, kesho angeenda na nani? Sisi ni watoto wa watu hao hao, halafu tukishika simu tunasahau!

Mchezo wenyewe unajua kwamba kundi linahitaji kapu moja. Mwaka 2021 waliweka Ironman ya kikundi, watu 2 mpaka 5, wana ghala moja la vitu na kila mmoja anachukua na kurudisha humo. Na Tombs of Amascut, pambano la mabosi kadhaa, ilipokuja 2022 waliiacha mtu aingie peke yake au waende hadi 8, na uhai wa mabosi unapanda kadiri mnavyozidi. Mwenye kutaka peke yake anayo njia, na wenye kutaka kikundi wanayo yao. Njia ya tatu, ya kwenda kikundi na kula peke yako, mmeitoa wapi?

Kiongozi, najua unasoma, na jina lako silitaji. Iuze dirii. Toa mafungu manne, lako libaki kwako. Ukisema umeshaizoea mwilini, basi tulipe kwa bei ya Grand Exchange ya siku hiyo iliyodondoka, hata kwa awamu, sina haraka. Sauti yako ya siku ya kwanza nitairudisha kwenye grupu kesho asubuhi ili kila mtu aisikie tena.

Na kwa wengine wa Lamu, Malindi, hata Mombasa: natafuta watu wanne wa kuanzisha Ironman ya kikundi, tuanze sifuri, ghala moja. Kubeba kipigo nitabeba mimi, hilo sina shida nalo. Ninachotaka ni mgao uandikwe, si wa mdomo tena, na mtu laini yake ikikata wenzake watoke wamsubiri. Ijumaa baada ya Isha nitakuwa darini. Anayekubali masharti hayo mawili aandike hapa chini.