Mizunguko minne hewani au usanii: kipi kibebe alama katika kuteleza kwenye barafu?

Mtazamaji wa Tanga ameuliza:

Habari za jioni, wanajamvi. Mchezo wa kuteleza kwenye barafu kwa muziki ninaufuatilia kwenye televisheni tu, na kila Olimpiki ya majira ya baridi inapopita hubaki na swali lile lile. Vancouver, mwaka 2010, Evan Lysacek wa Marekani alichukua dhahabu bila mruko hata mmoja wa mizunguko minne, ilhali Evgeni Plushenko wa Urusi, aliyeuruka na kutua salama, aliambulia fedha kwa tofauti ya alama 1.31. Nikasema moyoni kwamba sanaa imeishinda nguvu. Miaka minane baadaye, Pyeongchang, Nathan Chen wa Marekani alijaribu miruko sita ya aina hiyo katika programu ndefu (onyesho la pili, baada ya lile fupi; alama za yote mawili hujumlishwa), akapata alama nyingi kuliko wote siku ile, na kupanda kutoka nafasi ya 17 hadi ya 5. Je, ni kanuni zilizogeuka au ni mimi niliyeelewa vibaya tangu mwanzo? Tena, uzuri unaweza kupimwa bila kuwapunja wanaothubutu?

Bi Saumu amejibu:

Ndugu yangu, tofauti ya 1.31 umeikumbuka sawasawa, lakini hitimisho lako ndilo walilolitoa wengi usiku ule, na karatasi ya alama hailikubali. Katika programu ndefu, alama za usanii za mabwana hao wawili zililingana kabisa: 82.80 kwa huyu na 82.80 kwa yule. Lysacek alishinda upande wa ufundi, 84.57 dhidi ya 82.71. Yule tuliyemwita msanii alishinda kwa hesabu za miruko na za kuzunguka papo hapo kama pia. Miruko yake ya mizunguko mitatu ilikuwa safi, wakati mwenzake alitua mara kadhaa mwili ukiwa umelala upande.

Hesabu za namna hiyo zilizaliwa na fedheha. Zamani alama ya juu kabisa ilikuwa 6.0, moja ikitolewa kwa ufundi na nyingine kwa usanii. Mwaka 1984, mjini Sarajevo, majaji wote tisa waliwapa Torvill na Dean wa Uingereza 6.0 ya usanii, na hakuna aliyedai ufafanuzi. Ufafanuzi ulidaiwa Salt Lake City mwaka 2002, pale uamuzi wa mashindano ya wawili wawili ulipotiliwa shaka hadi zikatolewa dhahabu mbili, kwa Warusi na kwa Wakanada. Mwaka 2004 shirikisho la kimataifa likapitisha mfumo wa sasa, ambao kila mruko una bei yake.

Fundi Hesabu amejibu:

Naomba niongezee bei zenyewe, kwa kuwa jibu la swali la Pyeongchang limo humo. Kabla ya msimu wa 2018/2019, mruko uitwao Lutz, ukiwa wa mizunguko minne, ulikuwa na thamani ya 13.6. Mtelezaji aliyekamilisha mizunguko yote hewani kisha akaanguka alikatwa 4 za ubora (majaji huongeza au kupunguza thamani ya mruko kwa namna ulivyotekelezwa) na 1 ya kuanguka, akabaki na 8.6. Lutz ya mizunguko mitatu, hata majaji wote wakiipa daraja la juu kabisa, ilifika 8.1. Kwa lugha nyepesi, aliyeanguka kwa nne alimzidi aliyekamilika kwa tatu, na kocha mwenye akili angefanya nini isipokuwa kumwambia mwanafunzi wake aruke?

Baada ya Pyeongchang jedwali lilirekebishwa. Lutz ya minne ilishuka hadi 11.5, na madaraja ya ubora yakawa kutoka -5 hadi +5, kila hatua ikibeba asilimia 10 ya thamani ya mruko. Anayeanguka sasa hubaki na 4.75, na aliyekamilisha Lutz ya mitatu bila dosari hupata 8.85. Wakati huo huo programu ndefu ya wanaume ilipunguzwa kutoka dakika nne na nusu hadi nne, na miruko kutoka minane hadi saba.

Mtazamaji wa Tanga:

Ahsanteni nyote wawili. Kumbe nilikuwa nikimsifia Lysacek kwa sababu isiyo yake. Kwa marekebisho hayo, basi, mizani imekaa sawa?

Mzee wa Vina amejibu:

Haijakaa, mwanangu. Fundi Hesabu ametuonyesha adhabu ya kuanguka, lakini hakugusa dari. Katika programu ndefu ya wanaume alama za usanii haziwezi kuvuka 100 hivi, hata ucheze kama malaika, ilhali upande wa ufundi hauna kikomo kwa anayeweza kuongeza mizunguko. Katika mashindano ya dunia ya Montreal mwaka 2024, Ilia Malinin wa Marekani alitua miruko sita ya mizunguko minne, ikiwamo Axel ya minne (Axel ni mruko unaoanza mtelezaji akielekea mbele) ambayo yeye ndiye wa kwanza kuitua katika mashindano, mwaka 2022. Programu ile ilimpa 227.79, na zaidi ya 130 kati ya hizo zilitoka kwenye ufundi. Nani wa kumfikia kwa mikono na macho?

Sisi tuliokulia kwenye mashairi ya vina na mizani ugomvi huu tunaujua. Silabi huhesabika, kwa hiyo hata mwamuzi asiye na sikio anaweza kukata ubeti wa mwenzake kwa haki. Utamu hauhesabiki, hivyo anayeusimamia huonekana ana upendeleo. Ninavyoona mimi, jaji wa barafuni naye hujificha kwenye miruko: akishamwona mtu ametua minne au mitano, mkono humpandishia na alama za usanii pia. Hilo ndilo lingerekebishwa kwanza, kabla ya kugusa bei ya mruko wowote. Jason Brown alimaliza wa sita Beijing mwaka 2022 bila kutua mruko hata mmoja wa minne, na kwangu nafasi hiyo ni ushahidi kuwa majaji wakitaka, huona.

Bi Saumu:

Nakubaliana na mzee kuhusu dari, ila neno "usanii" nalo lisiachwe likapita bila kukaguliwa, kwani limewahi kuwa fimbo. Surya Bonaly wa Ufaransa, bingwa wa Ulaya mara tano mfululizo, mwanamke mweusi katika mchezo uliokuwa na weusi wa kuhesabika kwa vidole, aliambiwa miaka yote kwamba ana nguvu lakini hana madaha. Nagano, mwaka 1998, akiwa ameumia na medali imeshamponyoka, alipiga sarakasi ya kinyumenyume na kutua kwa mguu mmoja, jambo lililokuwa limekatazwa tangu miaka ya sabini, na majaji wakamkata alama. Katazo lile lilifutwa mwaka 2024, na leo vijana wanaifanya sarakasi hiyo hiyo katikati ya programu zao, ukumbi mzima ukisimama kushangilia.