Tupeane uzoefu: kiungulia kilichonikausha sauti

Muanzisha mada (Unguja):
Assalaam alaykum jamani. Mie nasomesha madrasa. Mwaka jana sauti ilianza kunikauka kila alfajiri, ikifika adhuhuri inarudi. Usiku kikohozi kikavu. Watu wakasema nimepigwa jicho. Nikanywa tangawizi kwa ndimu, ndiyo kwanza koo likazidi kuniwasha.

Daktari wa koo akapitisha kamera puani, kisha akaniuliza: "Ukishakula, unalala baada ya muda gani?" Nikacheka. Nala baada ya Isha, sahani ya ubwabwa imejaa, nusu saa nishajitupa kitandani. Akanieleza kwamba umio, ile njia ya chakula, unapoingia tumboni pana msuli unaobana kama mdomo wa mkoba wa kamba. Ukilegea, asidi inapanda. Tumbo lina utando wa kuihimili, koo halina. Na mie kifua hakijaniwaka hata siku moja, ningejuaje kuwa ni kiungulia?

Sasa nala mara tu baada ya Magharibi, na mchago wa kitanda nimeuinua kwa matofali. Sauti imerudi, lakini ilichukua kama miezi mitatu. Nani mwengine?

Wa Wete:
Mie ni daku. Nala, naswali Alfajiri, narudi kulala. Saa mbili asubuhi naamka na maji machungu mdomoni, na nimefunga, hata kunywa maji siwezi. Siku hizi daku yangu ni uji na tende, na sirudi kulala. Futari ya bajia na urojo wenye embe mbichi ndiyo sijaweza kuiacha, nisiseme uongo.

Mama wa watoto wawili, Chake:
Mimba ya pili kiungulia kilinitesa tangu mwezi wa sita. Mama mkwe akasema mtoto ana nywele nyingi. Kazaliwa kipara! Mkunga alinambia homoni za mimba hulegeza huo msuli, na mtoto naye anasukuma tumbo juu. Nikawa nalalia ubavu wa kushoto, nakula kidogo kidogo. Nilipojifungua kikaisha.

Wa Mkoani:
Mie aliekijua kiungulia changu ni daktari wa meno. Aliona meno ya nyuma yameliwa na asidi kwa ndani.

Muuguzi (Unguja):
Nimesoma zote. Omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, wengi wanaimeza wakishashiba, kumbe ni nusu saa kabla ya chakula. Maziwa yanapoza kidogo tu, kisha tumbo linatoa asidi zaidi. Baadhi ya dawa za presha pia hulegeza ule msuli, ila usiziache mwenyewe, mwambie daktari wako. Na tafadhali: kifua kikibana, maumivu yakaenda mkononi au tayani, jasho likakutoka, usijitibu kiungulia, kimbilia hospitali, huenda ni moyo. Hali kadhalika chakula kikikwama, ukitapika damu, choo kikawa cheusi au ukikonda bila sababu. Asidi ikiunguza umio miaka mingi, ngozi yake ya ndani hubadilika, na kwa wachache hufikia saratani.

Wa Wete:
Muanzisha mada, matofali mangapi? Mie naongeza mito mitatu, naamka shingo imekaza.

Muanzisha mada:
Mito inakunja tumbo, ndiyo inazidi kulibana. Weka tofali moja moja chini ya miguu miwili ya mchagoni, kiasi cha shubiri moja kwenda juu. Mke wangu wiki ya kwanza alilalamika anateleza, sasa kazoea.