Nimepewa ukatibu wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima wa korosho, natafuta mtu wa kunifunda uongozi

binti_wa_mizani:
Habarini wakuu. Mi nipo Tandahimba, nimekaa kwenye mizani misimu mitatu kama karani, mwezi wa nne bodi wakanipa ukatibu. Mahesabu hayanisumbui, kinachonisumbua ni watu. Bodi wazee watupu, mwenyekiti rika la baba yangu, juzi kikaoni wakaanza kurushiana maneno kuhusu unyaufu wa korosho za msimu uliopita, yaani kilo zinazopungua korosho zikikauka, na mi ndo nina daftari mkononi ila nikakaa kimya kama mgeni. Kuna kocha wa Dar nimempata mtandaoni, laki tatu kwa mwezi tunaongea kwa simu, na kuna tajiri mmoja hapahapa anasema atanilea bure. Nimchukue nani?

mtu_wa_kusini:
Huyo wa bure anafanya biashara gani? Kama mkono wake umo kwenye korosho kimbia dada. Leo anakufundisha kuongea na bodi, msimu ukifunguliwa anataka kujua ghalani kuna tani ngapi kabla ya mnada, utamnyimaje na umeshakula kwake?

kaka_lindi:
Afu kocha na menta sio kitu kimoja. Kocha hata korosho anaweza asiijue, kazi yake kukuuliza mpaka jibu ulitoe mwenyewe. Menta kashapita njia hiyo, anakwambia hapa pana shimo. Hilo la kunyamaza kikaoni kocha anaweza kukusaidia, la unyaufu ataishia kukuuliza unajisikiaje 😂 Ukimtaka muulize cheti, wale wa ICF, shirikisho la makocha la kimataifa, ngazi ya chini, ACC, lazima awe ameshafanya kazi hiyo masaa 100, ngazi inayofuata, PCC, masaa 500.

mama_nachingwea:
Mwanangu mi nimekuwa mwenyekiti wa AMCOS, hao wazee unaowasema nami ni mmoja wao. Aliyenifunda ni afisa ushirika mstaafu, yupo tangu stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kukusanya mazao ghalani yakauzwe mnadani, inaingia huku kwenye korosho msimu wa 2007/08, kaona makatibu wangapi wameingia kwa vigelegele wametoka na kesi. Siku ya kwanza nikampelekea malalamiko ya bodi, hakuyasikiliza, akasema lete daftari. Tukakaa barazani kwake akapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka kikasimama, hizi kilo 14 ziko wapi? Sina jibu. Akasema kazitafute kwanza ndo uje tuongee habari za bodi. Wiki nzima natafuta, kumbe risiti moja iliingizwa mara mbili. Kikao kilichofuata walipoanza kelele nikafungua ule ukurasa nikausoma, pakawa kimya. Uongozi nao una unyago wake, na kungwi ni yule aliyeshika ofisi akaondoka na ukaguzi safi. Uliza waliobaki nyuma yake watakwambia. Na asiwe ndugu wa mjumbe yeyote wa bodi yako, hapo utajuta.

binti_wa_mizani:
Shikamoo mama. Yupo mmoja Newala alikuwa katibu zamani, mpaka leo wakulima wakimkuta sokoni wanamsimamisha wamsalimie. Sasa namwanzaje asije akadhani naenda kukopa?

mama_nachingwea:
Marahaba. Usimwambie sijui naomba uwe menta wangu, atashtuka bure. Nenda na daftari na swali moja tu. Na sukari kilo mbili.