Nimemwita mwenzetu "mdaiwa sugu" akatoka analia. Naombeni ushauri

Katibu_Kikoba: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu wa kikoba cha kina mama huku Dodoma. Jumamosi, kabla hatujafungua kufuli tatu za sanduku, nilisoma majina ya waliochelewesha marejesho. Karatasi niliipa kichwa WADAIWA SUGU, maana ndiyo maneno tunayoyasikia kila siku kwenye habari za mikopo ya wanafunzi wa vyuo. Mama mmoja yuko nyuma marejesho mawili tu, mumewe amelazwa. Alijifunga khanga vizuri, akatoka machozi yakimtiririka. Tangu siku hiyo sina raha. Neno hili limetoka wapi? Na kwenye barua niandike nini?

Bibi_wa_Makorora: Mwanangu, sugu ni ile ngozi ngumu ya kisigino, au ya kiganja cha mshika jembe. Asili yake ni kusugua: pamesuguliwa mpaka pamekufa ganzi, ukichoma mwiba hapasikii. Mdaiwa sugu basi ni yule aliyedaiwa na kudaiwa hata kudaiwa hakumgusi tena. Huyo mama angekuwa sugu asingelia.

Mhasibu_Mstaafu: Andika "malimbikizo ya marejesho mawili", utaje na tarehe zake. Usije ukaandika "mkopo chechefu" nalo. Hilo ni la benki, kwa mkopo uliopitisha siku 90 bila kulipwa, na Benki Kuu inataka mikopo ya namna hiyo isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Marejesho mawili ya kikoba hayajafika huko.

Kijana_wa_Bahi: Naunga mkono malimbikizo. Linatokana na kulimbika. Kiangazi huku tunafukua mchanga wa korongo kutafuta maji. Ukikuta shimo lina tope tu, huchoti. Unakaa pembeni na kata yako, unalimbika, maji yanajikusanya kidogo kidogo mpaka ndoo ijae. Ukilimbikiza deni ni vivyo hivyo, limejikusanya. Neno lenyewe halimtukani mtu.

Bibi_wa_Makorora: Kuna jingine la zamani, naona vijana mmelitupa: kuwiwa. Warumi 1:14, Paulo anasema, "Nawiwa na Wayunani na wasio Wayunani." Mtu analisema mwenyewe kwa heshima yake, hangoji kutangazwa. Nawe mwanangu, sasa unawiwa na mama huyo.

Katibu_Kikoba: Shikamoo bibi. Nimeandika hivi: "Dada yangu, una malimbikizo ya marejesho mawili. Neno nililokuita halikuwa lako, nawiwa radhi nawe." Nimpelekee nyumbani kimyakimya?

Bibi_wa_Makorora: Marahaba. Nyumbani nenda, na uji wa mgonjwa mkononi. Lakini jina lake ulilisoma mbele ya kikundi kizima, basi Jumamosi simama palepale uisome na hiyo barua.

Katibu_Kikoba: Nitaisoma, bibi. Ile karatasi nimeshaitoa kwenye faili.